Mjadala: Milingoti (mikaratusi) na paina Mufindi, uchumi wa kijani au tunakausha mabonde?

Mleta mada: Wakuu, siku hizi kila shamba la miti linaitwa uwekezaji wa kijani. Je, vijiji vya Mufindi na Njombe vigawe ardhi zaidi kwa mbao na nguzo? Leteni hesabu.

Mpanda Paina: Nafasi ya mita 3 kwa 3 inaingiza miche 1,111 kwa hekta, karibu 450 kwa ekari. Palilia miaka miwili ya mwanzo, pogolea, safisha barabara za kuzuia moto kabla ya kiangazi. Mvua ikikatika Februari, mwenye mahindi anavuna mabua. Paina unasubiri msimu ujao.

Fundi Mbao: Mti unasubiri, mwenye mti hasubiri! Ada ya Januari ikimbana anauza paina wa miaka 8 ukiwa umesimama, kwa bei ya kukadiria kwa macho. Mbao yake ya 2 kwa 4 ikikauka inajipinda, fundi wa paa anaikataa. Na ding'dong, ile mashine ndogo ya kupasulia magogo, ina msumeno mnene, sehemu kubwa ya gogo jembamba inaishia kuwa unga wa mbao. Kuongeza hekta hakuponyi hilo. Bora mkopo wa kumvusha mpaka miti ikomae.

Fundi Turbaini: Mimi naangalia bondeni. Mufindi kuna mtambo wa umeme wa maji wa Mwenga, megawati 4, unazalisha tangu 2012, kwa hiyo maji haya ni mtaji. Chukua kijito cha lita 100 kwa sekunde, maporomoko ya mita 30. Toa asilimia 40 inayopotea kwenye bomba, turbaini na jenereta, unabaki na kilowati 17 hivi. Oktoba kikishuka hadi lita 40, unapata 7. Mota ya kusaga ya kilowati 11 haiwaki, na mashine ya kusaga ndiyo mteja anayelipa mchana. Ukijaza milingoti kwenye chanzo, unaua mradi mmoja wa kijani kwa mwingine.

Mpanda Paina: Msitubebeshe sisi tu. Mita 60 kutoka ukingo wa mto, ambazo Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za watu ndani yake, zinawahusu na wenye vinyungu, zile bustani za bondeni za kiangazi.

Fundi Turbaini: Zinawahusu, sibishi. Ila kinyungu ukikiacha msimu mmoja kimekwisha. Mlingoti unanyonya mwaka mzima, na ukiukata kisiki kinachipua. Usiporudi kuyakata machipukizi, miaka michache una msitu uleule. Gharama hiyo haimo kwenye andiko lolote la mradi nililoliona.

Mleta mada: Kwa hiyo tufanyeje, mkuu?

Fundi Turbaini: Kabla kijiji hakijagawa hata ekari moja, vuteni kamba mita 60 kila upande wa kijito, pigeni bikoni. Mtiririko upimwe Oktoba, siyo Machi. Mwekezaji akileta vipimo vya masika, mrudishieni makaratasi yake. Milingoti ipandwe mgongoni mwa kilima, tena kwa mkataba unaosema nani anang'oa visiki vilivyoko bondeni sasa.

Fundi Mbao: Na ding'dong je?