Kura za nchi kwenye Shirika la Kimataifa la Kahawa

Mkulima_Masaka: Habari zenu wakuu. Nalima kahawa aina ya robusta huku Masaka, Uganda. Jana tukigeuza kiboko (kahawa iliyokaushwa na maganda yake) kwenye turubai, tulibishana na jirani: nchi kama Uganda ikikaa na Brazili kwenye mkutano wa Shirika la Kimataifa la Kahawa kule London, kura zao ni sawa? Naomba mwenye kujua anieleze, maana shamba ndilo linalosomesha wanangu.

Mama_Kahawa: Si sawa, ndugu yangu. Kwa Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa wa 2007, nchi zinazouza zina jumla ya kura 1,000, na zinazonunua 1,000. Kila nchi inapata kura 5 za msingi. Zilizobaki zinagawanywa kulingana na wastani wa kahawa ambayo nchi iliuza nje au kununua kutoka nje miaka 4 iliyopita. Kwa hiyo Brazili ina fungu kubwa.

Mkulima_Masaka: Basi wao ndio wanatuamulia?

Mama_Kahawa: Hapana! Hakuna nchi inayoruhusiwa kufikisha theluthi mbili ya kura za upande wake. Tena Baraza, yaani mkutano wa nchi wanachama, huanza kwa kutafuta maafikiano. Yakishindikana, inatakiwa asilimia 70 kwa wauzaji na asilimia 70 kwa wanunuzi, kila upande ukihesabiwa peke yake. Mimi naona huo ni ulinzi mzuri kwetu.

Kijana_wa_Mbale: Niongezee: bei haipangwi pale. Mgawo wa mauzo, yaani kiasi ambacho kila nchi iliruhusiwa kuuza nje ili kulinda bei, ulisimamishwa 1989. Mzee, nchi ikitaka kura zaidi, iuze nje kahawa nyingi zaidi.

Mkulima_Masaka: Asanteni sana. Nakwenda kumweleza jirani.