MREJESHO: Plasta inayobanduka, nyumba ya mawe Mikindani

Wakuu, niliuliza kwa nini plasta ya saruji inabanduka kila masika kwenye nyumba yetu ya matumbawe. Kazi imekwisha. Saruji ilifungia unyevu ndani, chumvi ikawa inaisukuma kutoka nyuma. Fundi amebandua hadi mita 1 juu ya alama ya unyevu, akakwangua viungo vya mawe kina cha sentimita 2. Ule unga mweupe wa chumvi unaotokea ukutani unafagiliwa mkavu. Ukiuosha, chumvi inarudi ukutani. Kisha plasta mpya: chokaa ndoo 1, mchanga wa mto ndoo 3. Wa pwani hapana, hata upewe bure! Matabaka mawili membamba, ukuta ukifunikwa magunia yaliyoloweshwa, maana chokaa ikikauka haraka inapasuka. Juu tumepaka chokaa, siyo rangi ya plastiki.