Gogogo wamesusa chakula baada ya usafi wa tangi: nirudishe mawe, nibadilishe maji au niweke dawa?

Gogogo_wa_Kisasa
Habari za jioni wakuu. Nipo Kisasa, Dodoma. Nina samaki watano aina ya gogogo (jamii ya kambale) wa Ziwa Tanganyika, wale wadogo wa kahawia wenye madoa meusi, kwenye tangi la lita 120. Kwa miaka miwili nikigusa tu mfuniko walikuwa wanatoka mbio kuja kula. Jumamosi iliyopita nikafanya usafi mkubwa: nikatoa mawe na mchanga wote, nikaweka changarawe nyeupe, nikaosha sponji ya filta bombani mpaka ikarudi rangi yake ya dukani, halafu nikafunga taa mpya yenye mwanga mkali.

Leo siku ya sita, hakuna aliyekula. Vidonge vinavimba chini na kuota ukungu. Watatu wamejibanza nyuma ya hita, wawili wanapumua harakaharaka. Sioni kidonda wala doa jeupe.

Nina njia tatu mkononi: kurudisha mawe na mchanga wa zamani (niliuanika juani, umekauka), kubadilisha maji yote, au kuweka dawa niliyouziwa dukani, ambayo ina shaba. Nianze na ipi? Nawapenda sana hawa samaki, naombeni msaada.

Mnyaturu_wa_Singida
Pole mkuu. Mimi naanza na baridi. Mwezi wa saba huu, usiku huku kanda ya kati joto linashuka mpaka nyuzi 13 au 14. Maji yakipoa, samaki wa jamii ya kambale hamu ya kula inaondoka kabisa. Pima alfajiri kabla jua halijatoka, maana ukipima mchana utadanganyika.

Gogogo_wa_Kisasa
Nimepima leo saa kumi na mbili asubuhi: 25. Hita ni ya wati 100, haijazima.

Mnyaturu_wa_Singida
Basi baridi tuitoe. Umeme ukikatika usiku lifunike tangi kwa blanketi, ila acha upenyo wa hewa.

Fundi_Filta
Mkuu, tatizo naliona kwenye sponji. Ule utelezi wa kahawia uliousugua ndio makazi ya bakteria wanaogeuza amonia ya kinyesi kuwa nitriti, kisha nitrati. Maji ya bomba yana klorini, na klorini kazi yake ni kuua bakteria. Mchanga nao ulikuwa na bakteria wengi, umeutoa siku hiyohiyo. Kwa hiyo una tangi jipya lenye samaki wakubwa ndani, na vidonge vinavyooza vinaongeza amonia. Kupumua haraka ni dalili ya matamvua kuungua.

Kuna jambo la hapa kwetu la kuzingatia. Angalia chokaa inayoganda kwenye birika lako la chai, ndivyo maji yetu ya visima yalivyo: ni magumu, na pH yake (kipimo cha uasidi na ualkali) iko juu. Kwenye nyuzi 25, maji yakiwa pH 7, sehemu ya amonia iliyo sumu kali haifiki hata asilimia 1. Yakifika pH 8 inakuwa kama asilimia 5. Kiasi kilekile ambacho kwa mwenye maji laini kingevumilika, kwako kinachoma.

Tuzilinganishe njia zako. Kurudisha mchanga uliokauka hakurudishi bakteria, wameshakufa. Kubadilisha maji ndiyo njia, ila usibadilishe yote. Toa robo kila siku kwa wiki nzima, uweke maji yaliyokaa simtanki angalau siku moja na joto lake lilingane na la tangini. Dawa usiiweke kabisa. Gogogo hana magamba, shaba inamwingia vibaya, na hujathibitisha ugonjwa wowote.

Nipo Area C, nina sponji ya miaka mitatu. Njoo uchukue nusu yake.

Mama_Kambale
Namuunga mkono fundi. Mimi nafuga kambale huku Hombolo. Nikihamisha vifaranga, siku ya kwanza siwapi chakula hata punje, maana wasipokula kinachafua maji tu. Mwanangu, acha kuwalisha siku tatu. Wakubwa wenye afya wanavumilia njaa ya wiki na zaidi, ila maji mabaya hayawasubiri.

Dom_Makole
Kambale ni samaki mgumu jamani, anaishi hata kwenye tope. Mbona mnamtisha mwenzetu?

Mama_Kambale
Kambale wa tope ana kiungo cha kuvuta hewa ya juu, ndiyo maana anapona. Gogogo hana. Wote wana sharubu, lakini usimpime huyu kwa yule.

Mtoto_wa_Ujiji
Nimekulia kandokando ya ziwa. Gogogo hawa wanashinda kwenye nyufa za miamba, wanatoka giza likiingia. Umewavua nyumba, ukawawashia taa kali juu ya sakafu nyeupe. Hata maji yakiwa safi hawatakula kwa raha. Rudisha mawe leo, taa izime. Changarawe kama ina ncha itoe taratibu, sehemu moja kwa wiki, kwa sababu wanatafuta chakula kwa sharubu na zinaweza kuumia.

Maji magumu yenyewe usiyaogope, ziwa letu pH yake inakaribia 9. Usije ukashawishiwa kuweka maji ya chupa au majani ya mkungu kulainisha. Hayo ni ya samaki wa Amazoni.

Gogogo_wa_Kisasa
Asanteni sana, mama shikamoo. Nimepata kipimo: amonia ni 1 mg kwa lita wakati inatakiwa 0, na pH ni 8.2. Mawe nimerudisha na taa nimeizima. Nimefika Area C, fundi kanipa sponji kwenye mfuko wa maji ya tangi lake. Nilipoikamua juu ya filta yangu yalitoka maji meusi kama chai ya rangi iliyokolea. Zamani ningeyamwaga.

Fundi_Filta
Hayo meusi ndiyo mali. Usiyafyonze, yatatulia.

Gogogo_wa_Kisasa
Mrejesho, siku ya tano tangu nianze kutoa robo kila siku. Amonia imeshuka mpaka 0.25, nitriti imeanza kuonekana kidogo, naendelea kubadilisha. Jana saa tano usiku nilidondosha dagaa mmoja aliyelowekwa na kukatwa vipande vitatu, nikakaa sakafuni gizani. Baada ya kama dakika ishirini sharubu zikachungulia chini ya jiwe kubwa, zikapapasa changarawe, kipande kikavutwa ndani. Wawili wengine wakafuata. Asubuhi vipande vyote vilikuwa vimeisha. Bado wawili sijawaona wakila, akiwemo yule mkubwa, lakini hata yeye hapumui tena kwa haraka.

Mama_Kambale
Marahaba mwanangu. Huyo mkubwa mwache. Kesho usiku weka kipande mlangoni kwake kabisa, halafu uje utuambie.