Mjamzito mwenye presha ya siku nyingi: dawa zipi zibadilishwe, na uzazi wa kijijini umekaaje?

Kiboriloni_Jr
Wakuu, habari za jioni. Naomba kujuzwa na wenye uelewa, hasa manesi na watu wa famasi.

Mke wangu ana miaka 33, presha ya kupanda anayo huu mwaka wa nne. Anameza losatani ya 50 mg mara moja kwa siku na bendro (bendroflumethiazidi, ile ya kukojosha) asubuhi. Kipimo cha mkojo kimeleta mistari miwili, na nikihesabu kuanzia hedhi ya mwisho yuko wiki ya saba. Mimba ya kwanza. Presha ya leo 148/94.

Dawa hizi aendelee nazo au aache? Ndugu wanashauri kliniki aanze mimba ikitimiza miezi mitatu. Halafu sisi tunaishi Moshi, ila kwetu wakamwana wote hupandishwa kwa mama Tarakea, Rombo, kwa ajili ya uzazi: miezi mitatu ya mtori, kisusio (supu yenye damu ya mbuzi) na kupumzika. Kwa mtu wa presha hilo limekaaje? Natanguliza shukrani.

Mkunga_Sakina
Hongereni, shemeji. Nianze na la haraka. Losatani haitakiwi kwenye mimba, yeye na ndugu zake wote wanaoishia na "satani", pamoja na ukoo wa "prili": kaptoprili, enalaprili, lisinoprili. Mimba ikishakomaa kidogo, kuanzia mwezi wa nne kwenda mbele, dawa hizi zinaumiza figo za mtoto. Maji ya uzazi kwa sehemu kubwa ni mkojo wa mtoto, kwa hiyo figo zikigoma maji yanakauka na mapafu yanakosa nafasi ya kukua. Wiki ya saba hamjachelewa.

Kosa la pili ni baya karibu sawa na hilo. Mtu anasikia "acha losatani", anaitupa, kisha anakaa mwezi mzima bila kitu. Inabadilishwa, haiachwi hewani, na ibadilishwe ndani ya siku moja mbili. Aende na pakiti zote mkononi, asiende kusimulia "kile kidonge cheupe kidogo". Atakachowekewa badala yake mara nyingi ni methildopa (Aldomet), wengi huanza na 250 mg mara tatu kwa siku na kupandishiwa taratibu, au nifedipini ile inayoyeyuka polepole ya 20 mg mara mbili, au labetaloli pale inapopatikana. Lengo ni kukaa chini ya 140/90, ila si kushusha mpaka akizunguka aone giza. Namba ya chini ikizoea kusoma 70 kurudi nyuma, dawa imezidi. Bendro nayo daktari huwa anaitoa.

Hilo la kusubiri miezi mitatu likataeni kwa heshima. Kwa mwenye presha, vipimo vya kabla ya wiki ya 20 ndivyo kumbukumbu yake. Wiki ya 30 protini ikionekana kwenye mkojo, tutajuaje kama ni figo zilizoanza kuchoka zamani au ni kifafa cha mimba kinanyemelea? Tunafungua kadi ya kliniki na kuangalia ilikuwaje mwanzoni. Kadi ikiwa tupu tunabahatisha. Kwa hiyo hudhurio la kwanza aombe protini ya mkojo, kreatinini (kipimo cha figo), sukari, wingi wa damu na picha ya utrasaundi ya kuthibitisha umri wa mimba.

Kuna na aspirini ndogo, 75 mg hadi 150 mg kila usiku kuanzia wiki ya 12, kupunguza uwezekano wa kifafa cha mimba. Inafanya kazi wakati kondo la nyuma bado linajijenga, ndiyo maana inatakiwa ianze kabla ya wiki ya 16. Anayeanza kliniki mwezi wa sita ameshapitwa na gari hilo. Amuulize daktari mwenyewe, maana inasahaulika sana.

Mfamasia_Doublerodi
Mkunga kamaliza upande wake. Mimi niongezee kinachofanya watu waje dirishani kulalamika kwamba "Aldomet hainisaidii".

Kliniki atapewa vidonge vya kuongeza damu. Madini ya chuma yaliyomo yakikutana na methildopa tumboni yanaishika, na sehemu kubwa ya dawa inapita bila kuingia kwenye damu. Mama anavimeza vyote kwa mkupuo mmoja baada ya chakula cha usiku ili asisahau, presha inabaki 150 na kitu, daktari anaongeza dozi, na dozi nayo inaishia kulekule. Tatizo lilikuwa saa, si dozi. Kalisiamu nayo inagombana na chuma, na kwa wajawazito wasiopata maziwa ya kutosha hushauriwa gramu 1.5 hadi 2 kwa siku, ikigawanywa mara tatu.

Ratiba inayokubali ni hii. Methildopa saa 12 asubuhi, saa 8 mchana na saa 4 usiku. Kalisiamu pamoja na chai, chakula cha mchana na cha usiku. Kidonge cha damu kikae peke yake saa 5 asubuhi kwa maji au chungwa, chai ya rangi ikae mbali nacho. Aspirini imezwe na ile ya saa 4 usiku. Bandika karatasi kwenye mlango wa kabati la vyombo, siku tatu za kwanza ndizo ngumu.

Methildopa inaleta usingizi wiki ya kwanza na mdomo kukauka. Huo uzito hupungua wenyewe, usiwe sababu ya kuacha. Nifedipini ya polepole haivunjwi wala kutafunwa, ukiivunja, dawa ya kutosha nusu siku inamwagika kwa dakika chache. Na mtu asikubali kutobolewa kapsuli chini ya ulimi "ishuke haraka". Presha ikianguka ghafla, damu ya kwenda kwa mtoto nayo inaanguka.

Mwambie na hili: udongo wa pemba, kama ana hamu nao, unazuia chuma kuingia mwilini. Magadi ya kulamba kwa kiungulia ni sodiamu tupu. Aombe dawa ya kiungulia isiyo na sodiamu.

Mzee_wa_Shamba
Mnamjaza dawa mtoto wa watu. Kitunguu saumu punje tatu asubuhi na chumvi aache KABISA mpaka ajifungue. Presha itashuka yenyewe.

Mkunga_Sakina
Mzee shikamoo. Kitunguu saumu kiwekwe kwenye mboga, kitamu. Kuondoa dawa kwa ajili yake hapana. Chumvi nayo hatumwambii mjamzito aikate mpaka sufuri. Chini ya gramu 5 kwa siku nzima inatosha, yaani kama kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, ukihesabu na ile iliyojificha kwenye vidonge vya supu. Maji nayo anywe kawaida.

Ila kuna jambo moja la "presha itashuka yenyewe" ambalo ni kweli na ndilo mtego. Katikati ya mimba, karibu mwezi wa nne na wa tano, mishipa inalegea na presha inashuka hata kwa mgonjwa wa siku nyingi. Familia inashangilia, dawa zinawekwa kabatini. Miezi mitatu ya mwisho inarudi juu, mara nyingi kwa kasi. Dozi ipunguzwe na daktari kwa kuangalia vipimo, isiachwe kwa furaha.

Kiboriloni_Jr
Asanteni sana, mmenifungua macho. Nimeona mashine ya kuvaa kwenye kifundo cha mkono kwa bei nzuri, inafaa? Halafu vipimo vya mke wangu vinanichanganya: asubuhi 148, usiku 131, duka la dawa wakapata 156.

Nesi_Machame
Ya kifundo iache, mkono ukishuka kidogo tu inadanganya. Nunua ya mkono wa juu, na kabla hujalipa angalia mambo mawili: kama imethibitishwa kwa wajawazito, na ukubwa wa mkanda. Mikanda mingi ya kawaida ni ya mzingo wa sentimita 22 hadi 32. Mkono mnene ukibanwa na mkanda mdogo mashine inasoma juu kuliko ukweli. Pima mzingo katikati ya bega na kiwiko.

Kupima kwenyewe: akojoe kwanza. Kibofu kilichojaa kinapandisha. Akae kwenye kiti chenye egemeo, si kigoda wala ukingo wa kitanda, miguu yote chini bila kukunja nne, atulie dakika tano, simu pembeni. Mkono ulale juu ya meza, mkanda ukiwa usawa wa moyo. Sasa huku kwetu mwezi wa saba baridi inauma, na kosa ninaloliona zaidi ni kusokota mkono wa sweta mpaka juu. Lile sweta linageuka kamba ya pili. Atoe mkono wote nje, ajifunike khanga mabegani, mkanda ukae kwenye ngozi. Asiongee wakati mashine inajaza. Apime mara mbili, dakika moja katikati, aandike zote na saa yake. Asubuhi iwe kabla ya dawa na kabla ya chai.

Ile 156 ya dukani inawezekana alipanda ngazi, akakaa, akapimwa hapohapo huku akijibu maswali. Usiitupe, iandike na uandike ilipimwa wapi.

Ikisoma 160 juu au 110 chini, atulie, apime tena baada ya dakika 15. Ikibaki hapo ni hospitali saa hiyohiyo hata kama hajisikii vibaya. Hata kabla ya namba kufika huko, asisubiri mashine akiona haya: kichwa kisichotulia kwa parasetamoli, macho kuona vimulimuli au ukungu, maumivu ya chembe au chini ya mbavu za kulia, pumzi kubana, uso na mikono kuvimba ghafla, mtoto kupunguza kucheza. Miguu kuvimba jioni pekee yake ni kawaida, na Lasix (dawa ya kukojosha) ya kujinunulia kwa ajili ya miguu hapana.

Mkunga_Sakina
Ukuaji wa mtoto huangaliwa kwa utrasaundi karibu wiki ya 28, 32 na 36, kwa sababu kondo la mama wa presha linaweza kulisha kidogo. Akijifungua, iwe sehemu yenye chumba cha upasuaji, damu na magnesiamu salfeti, dawa ya kifafa cha mimba. Kwa nyie wa Moshi ni Mawenzi au KCMC, wa kwetu Arusha ni Mount Meru. Akiwa leba aseme kwa sauti kwamba ana presha. Sindano ya ergometrini ya kuzuia damu inapandisha presha, yeye achomwe oksitosini.

Sasa Tarakea. Hapa ndipo watu wanapojikwaa, kwa sababu mtoto ameshalia, kila mtu amepumua. Siku mbili za kwanza presha inaweza kushuka, anaruhusiwa. Maji yaliyokuwa yamekusanyika mwilini yanarudi kwenye mishipa, na kati ya siku ya tatu na ya sita presha inafika kileleni. Wakati huo mama yuko kitandani juu mlimani, wageni wanamiminika, kichwa kinamuuma na wanamwambia ni uchovu wa kukesha. Kifafa kinaweza kuja baada ya kujifungua, na hatari hiyo haijaisha mpaka wiki sita. Kisije kikaitwa degedege wala upepo.

Ushauri wangu: siku kumi za kwanza mbaki Moshi, bibi ashuke yeye. Apimwe asubuhi na jioni kila siku. Akishapandishwa, mashine iende naye na betri za akiba, na mkubaliane mapema gari la nani litashuka usiku.

Mfamasia_Doublerodi
Dawa baada ya kujifungua zinabadilika tena. Methildopa huondolewa ndani ya siku mbili hivi kwa sababu inaweza kumzamisha mama kwenye huzuni, na kipindi hicho huzuni ina milango mingi tayari. Kwa anayenyonyesha, nifedipini, labetaloli na enalaprili zinakubalika, kiasi kinachofika kwenye maziwa ni kidogo. Enalaprili iangaliwe zaidi mtoto akiwa njiti. Kurudi losatani asifanye mwenyewe. Bendro inaweza kupunguza maziwa. Maumivu ya mshono aanze na parasetamoli, diklofenaki ni kwa ruhusa ya daktari anayeona presha yake.

Uzazi wa mpango upangwe kabla ya wiki ya sita. Vidonge vyenye homoni mbili havimfai mwenye presha. Kipandikizi au kitanzi ndivyo rafiki zake, hasa akiwekwa enalaprili, maana mimba nyingine ikiingia kimya turudi mwanzo wa uzi huu.

Nesi_Machame
Mtori wenyewe hauna kosa: ndizi, nyama, maziwa. Kosa linaingia na kidonge cha supu, halafu chumvi ya kuongeza mezani, mabakuli matano kwa siku. Mama mkwe apike sufuria ya mzazi peke yake, nyama isiyo na mafuta mengi, chumvi iwekwe mwishoni kwa ncha ya kijiko. Kiburu (ndizi na maharage) chenye magadi kikae cha wageni. Kisusio mara moja moja, pia bila chumvi nyingi. Mbege ya "kuleta maziwa" hapana. Maziwa yanaletwa na mtoto kunyonya mara kwa mara, na pombe inapandisha presha.

Na kupumzika kusiwe kulala miezi mitatu. Atembee uani kila siku, damu isije ikaganda miguuni.

Kiboriloni_Jr
Nimeandika kila kitu kwenye daftari. Kesho saa moja asubuhi tunaenda na pakiti zote. Mkono nimeupima kwa futi ya fundi cherehani, sentimita 34.

Nesi_Machame
Basi mkanda mkubwa, mkuu. Ule wa kawaida unaokuja na mashine usiutumie.