Kubadilisha stringi papo hapo au kuunda mpya?

Swali
Habari zenu wanajukwaa. Nimeandika programu kwa lugha ya Ruby kwa muda mrefu, na sasa najifunza lugha ya Python. Nikiandika jina[0] = "M" ili kusahihisha herufi ya kwanza, napata kosa la TypeError. Nimeshaelewa kwamba stringi (mfuatano wa herufi) ya Python haibadiliki, ila sioni faida ya kunyimwa uwezo huo. Aidha, programu yangu husoma mistari 10,000 na kuiunganisha mmoja mmoja kwa += (alama ya kuongeza mwishoni); je, napata hasara?

Jibu la kwanza
Ndugu, jaribu hili katika Ruby: a = "salamu", kisha b = a, kisha b << " njema" (yaani kuongeza maneno mwishoni mwa b). Sasa chapisha a. Utaona "salamu njema", ingawa hukuigusa a hata kidogo, kwa sababu majina yote mawili yanaelekeza kwenye kitu kimoja ndani ya kumbukumbu. Katika programu kubwa, ambamo stringi hupita mikononi mwa funksheni nyingi, kosa la namna hii hutafutwa kwa siku nzima. Tena, stringi inayotumiwa kama ufunguo wa kamusi (jina la kutafutia thamani iliyohifadhiwa) ikibadilika, heshi yake (namba inayokokotolewa kutokana na herufi zake) haitalingana na mahali ilipohifadhiwa. Ndiyo maana hata Ruby yenyewe hunakili ufunguo wa stringi na kuugandisha ili usibadilike.

Jibu la pili
Kuhusu hasara: ipo. Tuseme kila mstari una herufi 50. Matokeo yako ni herufi 500,000 tu, lakini ikiwa kila += inanakili upya yote yaliyotangulia, utakuwa umeandika herufi zipatazo bilioni 2.5. CPython, yaani programu ya kawaida inayoendesha Python, wakati mwingine hukwepa unakili huo, lakini mimi nisingeitegemea bahati hiyo. Weka mistari katika orodha, kisha mwishoni tumia "".join(orodha). Katika Java, kazi hiyo hufanywa na StringBuilder.

Muulizaji
Ahsanteni sana; mfano wa a na b umenifungua macho. Je, nikihitaji kweli kubadilisha papo hapo, nitumie bytearray (safu ya baiti inayobadilika)?

Jibu la tatu
Ndiyo, ikiwa unashughulikia baiti. Kwa maandishi, tahadhari: katika UTF-8 (mfumo wa kuhifadhi herufi kama baiti) herufi "e" huchukua baiti moja, na "é" iliyo herufi moja kamili huchukua mbili, hivyo kubadilisha moja kwa nyingine hulazimu kusogeza kila kilichofuata. Kwa kosa lako la awali, "M" + jina[1:] yatosha.