Gari imelala miezi 3, fyuzi inaungua kila nikiweka mpya

Mpangaji_Tabata: Habari wakuu, nilisafiri nikaacha gari uani miezi mitatu, nimerudi betri imekufa kabisa, tukabusti ikawaka ila soketi ya kuchajia simu haifanyi kazi, nimecheki fyuzi ya ampea 15 imeungua nikaweka mpya nayo ikaungua palepale. Kuna jamaa kaniambia niweke ya 30 itavumilia, ni sawa?

FundiWaya: Usithubutu mkuu!! Fyuzi kazi yake ni kuungua kabla waya haujaungua, sasa ukiweka ya 30 kwenye waya wa 15 utakaoyeyuka ni waya na gari inaweza kushika moto. 15 ni ya bluu, 30 ya kijani, rudisha ileile ya bluu. Halafu angalia ndani ya soketi kwanza, mara nyingi ni sarafu au kipande cha chaja kimedondokea humo, ila chomoa fyuzi kabla hujaingiza kitu

MamaNoah: Na gari ikilala uani angalia panya, mimi walinitafunia waya chini ya dashibodi

FundiWaya: Kweli dada. Safari ijayo chomoa kichwa cha nega (hasi, chenye alama ya -) cha betri, jaza upepo wa matairi vizuri, na hendibreki usiivute, breki zinaganda, weka gia na kigingi kwenye tairi

Mpangaji_Tabata: Ilikuwa sarafu ndogo ndani ya soketi! Nimeitoa, bluu imekaa, chaja inafanya kazi. Asanteni sana