Tupeane uzoefu: utafiti wako wa elimu ulipata wapi ulichohitaji, na matokeo uliyarudisha kwa nani?

Mwalimu wa Embakasi (mwanzisha uzi)

Habari zenu walimu na wanafunzi wenzangu. Nafundisha shule ya msingi na jioni nasoma shahada ya uzamili ya elimu hapahapa Nairobi. Kila muhula kuna mtafiti anayekuja shuleni kwetu na bahasha ya hojaji: leo usomaji, kesho nidhamu, keshokutwa CBC, yaani mtaala wa umilisi. Tunajaza, tunarudisha, na habari inaishia hapo. Nami nikitafuta makala za kusomea, naonyeshwa ikisiri tu, kisha naombwa dola ili nisome yaliyobaki. Yananiuma yote mawili, maana mengi ya hayo yametoka madarasani mwetu. Waliopita njia hii, tuelezeni mlivyofanya.

Mkutubi, Thika Road

Mwalimu, karibu. Hili nalishughulikia kila siku, kwa hivyo niwie radhi nikiandika marefu.

Kwa elimu, anzia ERIC. Ni hazina ya Wizara ya Elimu ya Marekani, ilianza miaka ya 1960, na kuitafuta ni bure. Wanafunzi wengi huandika swali zima kwenye kisanduku, wakapata maelfu ya matokeo, wakakata tamaa. Fungua kwanza faharasa yake ya istilahi, uone wao wanaliitaje jambo lako, ndipo utafute kwa istilahi hiyo. Kisha weka alama kwenye visanduku viwili: cha makala zilizohakikiwa na wataalamu kabla ya kuchapishwa, na cha zile ambazo matini yake kamili imo humohumo. Tazama pia namba ya kila ingizo. Ikianza na EJ ni makala ya jarida. Ikianza na ED ni ripoti, tasnifu, karatasi ya kongamano na kadhalika. Hizo za ED watu huzipuuza, ilhali nyingi unazipakua papo hapo.

Ukitaka ya Afrika, nenda African Journals Online (AJOL), ambayo imekuwapo tangu 1998. Majarida mengi yaliyo wazi kusomwa, ya taaluma mbalimbali, yanatafutika kwenye orodha ya DOAJ. Na kabla ya hayo yote, fungua hifadhi ya kidijitali ya Chuo Kikuu cha Nairobi na ile ya Kenyatta. Tasnifu kuhusu shule za Embakasi, Kibra na Kasarani zimo humo. Inawezekana kabisa kwamba ile hojaji mliyojaza imo humo pia.

Makala ikifungwa kwa malipo, mwandikie mwandishi. Mara nyingi barua pepe yake iko karibu na ikisiri. Mwambie wewe ni nani, unasoma nini, na unaomba nakala. Wengi hufurahi kusomwa.

Mwalimu Mkuu, Buruburu

Nimesoma swali hili nikiwa ofisini, na kwa kweli limenigusa.

Mtafiti akifika kwangu, naomba leseni ya NACOSTI, Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu. Utafiti nchini unahitaji leseni hiyo chini ya Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013, na msimbo wake unathibitishwa kwa simu hapohapo. Naomba pia barua ya ofisi ya elimu ya kaunti ndogo, na maelezo ya jinsi atakavyopata ridhaa ya wazazi iwapo anataka kuzungumza na watoto. Wengi wanakuja na hayo yote. Lakini nikiuliza, "Utaturudishia lini matokeo?" wanatazamana. Masharti ya leseni yanamtaka apeleke nakala ya ripoti ya mwisho kwa Tume. Shule ndiyo husahaulika.

Basi siku hizi tunaandikiana tarehe kabla hajaingia darasani.

Dada mmoja aliyekuwa akitafiti usomaji wa Kiswahili Gredi ya 4 aliitimiza ahadi yake. Hakuleta tasnifu nzima. Alileta ukurasa mmoja, pande mbili: upande mmoja alichokiona, upande wa pili maneno ambayo watoto walikwama nayo sana. Yalikuwa yenye konsonanti zinazofuatana, kama "mbwa", "ng'ombe" na "nywele". Tulikaa naye chumba cha walimu wakati wa chai. Mwalimu wa 4 Mashariki akampinga: akasema wanafunzi wake wanayasoma vizuri hayo maneno wakiyaona kwenye sentensi, wanashindwa yakiwa peke yake kwenye orodha. Mtafiti akachukua kalamu akaandika. Ukurasa ule tuliubandika kando ya ratiba, na walimu wakaendelea kuandika pembeni yake kwa wino wa kila rangi: neno jipya, jina la darasa, alama ya kuuliza.

Huyo binti akija tena kesho, mlango uko wazi. Kurudisha matokeo ni sehemu ya utafiti wenyewe, na nashangaa vyuo vinavyomruhusu mwanafunzi kuhitimu bila kuuliza habari hiyo.

Mwanafunzi wa uzamivu, Ngara

Shikamoo Mwalimu Mkuu, asante kwa hayo.

Mimi niongeze kuhusu kuchapisha. Miongozo ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu inamtaka wa uzamili awe na makala moja kwenye jarida linalohakikiwa, na wa uzamivu mbili. Presha hiyo ina watu wanaoivizia. Niliwahi kupokea barua pepe ya jarida fulani iliyonisifu kama profesa mashuhuri, ikaahidi kuhakiki na kuchapisha ndani ya siku chache nikishatuma ada. Niliomba majina ya wahariri, nikatumiwa akaunti ya benki. Mhakiki wa kweli hukaa na kazi yako wiki kadhaa, hata miezi, na anairudisha imejaa maswali.

Kabla ya kutuma kazi, tafuteni jarida hilo kwenye DOAJ au AJOL, someni angalau makala mbili zake, na muulizeni msimamizi kama amewahi kuona mtu akilinukuu.

Mtu wa takwimu, Rongai

Fupi tu. Kila hojaji ninayoletewa nichambue, sampuli ni 384. Jedwali la ukubwa wa sampuli la Krejcie na Morgan la 1970 linatoa 384 kwa kundi la watu milioni moja. Walimu wenu wakiwa 100, jedwali hilohilo linasema 80. Wakiwa 1,000 linasema 278. Na limeundwa kwa sampuli nasibu, yaani watu wanaochaguliwa kwa bahati nasibu. Ukichagua shule zilizo karibu na kwako, jedwali halikusaidii. Someni makala yenyewe, ni fupi mno.

Mtafiti wa historia ya elimu, Kariokor

Wengine vyanzo vyetu havimo mtandaoni. Ukifuatilia jinsi tulivyofika CBC, utarudi kwenye ripoti za tume za elimu: Tume ya Ominde ya 1964, kisha Gachathi 1976, kisha Mackay 1981 iliyotuletea 8-4-4 (miaka minane ya msingi, minne ya sekondari, minne ya chuo), mfumo ulioanza 1985. Mimi hukaa Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa pale Moi Avenue, kwenye jengo lililokuwa benki. Watu hupita ghorofa ya chini wakitazama mkusanyiko wa sanaa wa Joseph Murumbi, aliyewahi kuwa makamu wa rais, wasijue kwamba barua za wakaguzi wa shule za enzi ya ukoloni ziko humohumo. Jiandikishe, tafuta namba ya faili kwenye orodha, agiza, subiri. Watumishi wa chumba cha kusomea wanajua mengi kuliko orodha. Waulize.

Mwalimu wa Embakasi

Nimeshukuru sana, nyote. Jana usiku niliifungua hifadhi ya chuo nikatafuta jina la kata yetu, na nikakuta tasnifu iliyotutafiti. Nimeichapa sura ya nne, naipeleka shuleni Jumatatu. Swali moja kwa Mkutubi: makala yangu ikikubaliwa na jarida la kulipia, naruhusiwa kuwapa walimu wenzangu?

Mkutubi, Thika Road

Hongera. Majarida mengi yanakuruhusu uweke kwenye hifadhi ya chuo ile nakala iliyokwisha kuhakikiwa lakini wao hawajaipanga kurasa, mengine mara moja, mengine baada ya miezi kadhaa. Tafuta jina la jarida kwenye Open Policy Finder, iliyokuwa ikiitwa Sherpa Romeo, itakuonyesha masharti yake. Faili hiyo ya Word usiifute siku makala inapokubaliwa, maana hiyo ndiyo tutakayoiweka. Na ukurasa mmoja wa matokeo kwa walimu, kama ule wa Buruburu, ni maandishi yako mwenyewe. Andika kwa maneno yako, gawa upendavyo.